Mwaka wa kupumzisha shamba: nilichosoma ndani ya broshire ya shule ya wasichana huko Ayalandi



Wiki mbili zimepita, Yaya yangu (mtoto wa mama mkubwa) anayeishi Ayalandi alinitumia kwa simu broshire ya shule ya sekondari ya binti yake. Ni shule ya wasichana watupu, ya zamani, iliyoanzishwa na masista. Kurasa 24, picha nzuri. Chini yake akaandika: «Wewe njo ulisoma mu familia. Uniambie: mutoto afanye ile mwaka ao aruke?»

Kwanza nieleze «ile mwaka» ni nini, juu swali lote liko pale.

Sekondari ya Ayalandi inaanza na miaka 3 inayoishia na mtihani wa serikali. Mwishoni kuko miaka 2 inayoishia na Leaving Certificate, ambayo ndiyo exetat yao. Katikati wanaweza kuweka mwaka mmoja wanaouita Transition Year, yaani mwaka wa mpito. Ulianza kama jaribio mwaka 1974, wakati Richard Burke alikuwa waziri wa elimu, na tangu 1994 ulienea katika shule nyingi. Mwaka ule hauna mtihani wa serikali. Shule yenyewe inapanga nini kifanyike: staji, proje, michezo, safari, kazi za kusaidia mtaa. Fasi zingine ni lazima, fasi zingine mwanafunzi anachagua. Kwa binti yetu, mwenye miaka 15, ni kuchagua.

Jibu langu la kwanza lilitoka mbio: aruke. Mwaka mzima bila mtihani, kwetu tunauita mwaka uliopotea. Yaya akajibu: «Na mimi niliona vile.» Tukamaliza.

Usiku nikafungua broshire tena, na nikaanza kujikumbuka mwenyewe.

Mimi pia nilisoma lise ya wasichana. Sitataja jina lake, na waalimu wangu ninawaheshimu. Lakini kule pursantaji ilikuwa kila kitu. Nilikuwa mtu wa kujibu: swali linakuja, jibu linatoka, buletini inakuwa nzuri. Kisha nikaingia fakilte ya agronomia, na kwenye staji yangu ya kwanza mama mmoja mkulima akanionyesha shamba lake la mihogo, majani yamejikunja na yana madoa ya manjano. Akaniuliza sababu, akaningoja. Nilijua mpaka ukurasa wa kozi ulioandika juu ya mozaiki ya mihogo. Kitu sikujua ni kumuuliza: «Mama, vijiti vya kupanda ulivitoa wapi?» Swali lile ndilo lingetufungulia njia, juu ugonjwa ule unasafiri ndani ya vijiti vyenyewe. Shule ilinifundisha kujibu. Kuuliza nilijifunza na haya usoni, nikiwa na miaka zaidi ya 20.

Kwa hiyo nilirudia broshire kwa jicho la mtu wa shamba.

Kila mwana-agronomia anajua jashere, kupumzisha shamba. Lakini kuko jashere mbili. Kuko ile ya kuacha tu: udongo unabaki wazi, na kama ni kwenye mteremko wa milima kama ya Walungu, mvua inaondoka nao. Na kuko jashere iliyopandwa: unaweka mukuna ao mmea mwingine wa jamii ya maharage, unaoingiza nitrojeni katika udongo, na msimu unaofuata mahindi yanakushukuru. Kwa macho, yote mawili ni shamba lisilo na mavuno. Tofauti iko chini. Sasa swali langu kwa broshire likawa hili: mwaka huu wa mpito umepandwa nini, na ni fasi gani umeachwa wazi?

Fasi zilizopandwa ziko, na nizisifu. Kuko Gaisce, tuzo ya Rais wa Ayalandi kwa vijana, iliyoanzishwa mwaka 1985. Msichana anachagua kazi ya kusaidia jamii, ufundi mmoja wa kujifunza, zoezi moja la mwili, na anamaliza na safari ya pamoja. Kila moja anaifuata kwa wiki nyingi. Ninaipenda juu hashindani na mwenzake. Anapimwa kwa kile alichojipangia na kukitimiza. Kuko pia utaratibu wa wasichana wa mwaka wa mwisho kusindikiza wadogo wa mwaka wa kwanza. Na kuko matayarisho ya maonyesho ya Young Scientist, yaliyoanza Dublin mwaka 1965, fasi wanafunzi wa sekondari wanaleta utafiti wao wenyewe.

Hapo ninasimama kidogo, juu ni kazi yetu. Mwaka 2013 maonyesho yale yalishindwa na wasichana watatu kutoka mji mdogo wa Kinsale: Ciara Judge, Emer Hickey na Sophie Healy-Thow. Walichukua bakteria wa rizobiamu, wale wanaoishi kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya maharage, wakawaweka kwenye mbegu za shayiri na nafaka zingine ambazo kwa kawaida hazina urafiki nao. Wakaona mbegu zinaota haraka zaidi. Mwaka uleule wakapata zawadi ya Ulaya, na mwaka 2014 ile ya Google Science Fair. Ninyi mliosoma mikrobiolojia ya udongo mnajua: swali lile lingetosha kwa memwari ya licence. Waliliuliza wakiwa kwenye benchi la sekondari.

Lakini nisidanganye mtu: shule yao ya Kinsale ni ya mchanganyiko, wavulana na wasichana. Na hapa ukosoaji wangu unaanza.

Kosa la kwanza la broshire ni kusema kwamba msichana anasitawi kwa sababu yuko na wasichana wenzake tu. Kuko ukweli ndani yake. Pale hakuna kaka wa kumnyang'anya mikrofoni ao mikroskopi. Prefe ni msichana, kapiteni ni msichana. Mimi mwenyewe nilionja hilo lise. Lakini angalia orodha ya masomo: mapishi na nyumba iko, karakana ya mbao haiko, ya chuma haiko. Hilo ni jambo la kawaida katika shule za wasichana za Ayalandi. Karakana zilikwenda zaidi kwa shule za wavulana na za ufundi. Catherine McAuley, aliyeanzisha masista wa Mercy huko Dublin mwaka 1831, alifungulia wasichana maskini mlango wa kusoma na wa kujipatia kazi. Leo mlango uliobaki umefungwa ni wa karakana, na broshire inapita mbele yake bila kuugonga.

Kosa la pili ni maneno bila vitendo. Nilihesabu «kujiamini» mara 11. Msichana anajiamini baada ya nini? Picha nyingi zinaonyesha wasichana wakipokea cheti. Chache sana zinaonyesha mmoja akiwa na mikono michafu, ao akikosea. Mwaka usio na mtihani ndio mwaka wa kukosea bila kulipa. Kama nao unajaa vyeti, tumerudisha buletini kwa mlango wa nyuma.

Kosa la tatu ndilo lililonichoma, na linahusu pesa. Tangu 1967 sekondari nyingi za Ayalandi hazina minervali. Lakini kwa mwaka wa mpito shule nyingi zinaomba familia mchango wa euro mia kadhaa, kwa safari na shughuli. Na mwaka mmoja zaidi shuleni ni mwaka mmoja zaidi wa kulisha na kuvalisha. Utafiti wa taasisi ya ESRI ya Dublin uliotoka 2004 ulionyesha mambo mawili pamoja: kwa wastani waliopitia mwaka huu walifanya vizuri zaidi kwenye Leaving Certificate, na shule za mitaa maskini ndizo zilishiriki kidogo zaidi. Sisi wa Kivu tunaijua habari hiyo kwa mwili. Kitabu kinasema pumzisha shamba, mama mwenye kipande kidogo anakuuliza: «Na mwaka huo tutakula nini?» Jashere ni dawa nzuri ya mtu aliye na shamba la pili.

Hata staji iko vilevile. Broshire inaandika kwamba kila msichana «atajitafutia» fasi ya staji kulingana na ndoto yake. Sentensi nzuri, lakini nani anamfungulia? Mwenzake ambaye baba ni avoka ataingia ofisi ya avoka. Yaya anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Ni kazi ya heshima, lakini binti anataka kilimo, na mama yake hajui mkulima hata mmoja kule. Shule inayosema inakuza kila msichana, kisha inaacha staji mikononi mwa wazazi, inanyeshea shamba ambalo tayari liko karibu na mto.

Ya mwisho: kurasa 20 za kwanza zinazungumza juu ya mtu mzima, kamili, kurasa 4 za nyuma zinazungumza juu ya pointi. Kule kuingia chuo kikuu kunahesabiwa kwa masomo 6 bora, mpaka pointi 625, pamoja na zile 25 za nyongeza za hesabu za ngazi ya juu. Siwalaumu kwa kuwa na mtihani. Ninawalaumu kwa kutoonyesha daraja. Msichana aliyejifunza kuuliza mwaka ule, je, mwaka unaofuata swali lake litapata fasi, ao ataambiwa anyamaze akariri? Jashere inapimwa kwa mavuno ya msimu unaofuata.

Na sisi tusicheke sana. Formation ya mwisho ya chama chetu ilikuwa Jumamosi mbili, T-shirt na cheti. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati.

Nilimpigia Yaya, nikavunja jibu langu la kwanza. Nikamwambia: usiruke, lakini kabla ya kulipa uende kwa mkutano wa wazazi na maswali matatu. Mtoto asiye na mtu wa kumfungulia staji, shule inamtafutia? Asiyeweza mchango, anabaki nyumbani siku ya safari ao anakwenda? Na kazi gani ya mwaka huu mutoto ataendelea nayo mwaka unaofuata? Wakijibu vizuri, mwaka umepandwa. Wakicheka tu na kumpa broshire nyingine, ajue ni udongo wazi.

Akanyamaza kidogo. «Kingereza yangu ya kuuliza mbele ya bantu…» Nikamwambia, basi binti aulize mwenyewe, yeye ndiye atakayepandwa.

Juzi nikapata sauti ya binti: «Mama mudogo, nimeandikia shamba moja la ngombe za maziwa, iko karibu na sisi. Niliuliza kama banachukua mutu wa staji.»

Hawajamjibu bado. Na shule bado haijaombwa kitu. Lakini swali la kwanza ameshauliza, na ana miaka 15.