Jicho Lililozibwa na Vichaka: Uhakiki wa Michoro ya Safari ya James Augustus Grant Kupitia Mgunda Mkali, Singida

Uhakiki wa kazi za wasafiri wa Kizungu waliopita Afrika Mashariki katika karne ya 19 umezoea kuanzia kilimani. Mary Louise Pratt, katika Imperial Eyes (1992), anamchukua Richard Burton akiwa juu ya Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, na kuonesha namna msafiri anavyoigeuza nchi kuwa picha. Anaipamba, anairundikia maana, kisha anaimiliki kwa macho kama mchoraji anavyoimiliki kazi ya mkono wake. Mkao huo wa mfalme anayetawala vyote avionavyo umerudiwa na wahakiki wengi, na umekuwa kama ufunguo wa kila mlango. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mlango wa Singida haufunguki kwa ufunguo huo, na kwamba kuulazimisha kunaharibu usomaji wa michoro yenyewe.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipotoka Ugogo iliingia katika nchi iliyoitwa Mgunda Mkali. Sehemu yake kubwa leo ni ya wilaya za kusini mwa Mkoa wa Singida, Manyoni na Itigi. Burton na John Hanning Speke waliipita mwezi Oktoba 1857. Speke alirudi na James Augustus Grant, nao wakaivuka kati ya Desemba 1860 na Januari 1861. Ni nchi ya miti mifupi iliyosongamana. Vichaka vya Itigi vinajulikana hadi leo na wanasayansi wa mimea kwa msongamano wao, na mtu aliyesimama ndani yake haoni mbali. Hakuna ziwa linalotandazwa chini ya miguu ya mtazamaji wala bonde la kuangalia kutoka juu. Kinachochomoza ni majabali ya matale, moja hapa, jingine kule.

Grant hakukusudia kuwa mchoraji wa msafara huo. Alianza na kamera, na picha alizopiga Unguja mwaka 1860 zipo. Speke anaeleza katika Journal of the Discovery of the Source of the Nile (1863) kwamba joto la hema dogo ambamo sahani za picha zilitayarishwa na kusafishwa lilikuwa la kuua, na kwa sababu hiyo kamera ikaachwa na Grant akashika rangi za maji. Tukio hili hutajwa kwa mstari mmoja tu na wengi wanaoandika juu ya safari hiyo, ilhali lina uzito mkubwa kwa mhakiki. Picha za bara zilichorwa kwa mkono kwa sababu mashine ilishindwa na jua. Mkono wenyewe nao haukuwa mzima, kwani Grant alijeruhiwa mkono wa kulia mwaka 1857 katika mapigano ya Lucknow, India. Aidha, uchoraji ulikuwa kazi mojawapo kati ya nyingi alizopewa. Alipima joto na mvua, na alikusanya na kukausha mimea.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo michoro hii inapaswa kuulizwa ni la kawaida kabisa: mchoraji alikaa wapi, na kwa muda gani? Msafara ulitembea mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu. Uliondoka alfajiri na kupiga kambi palipokuwa na maji kabla jua halijawa kali. Njiani mchoraji alichoweza kuona katika vichaka ni mgongo wa mpagazi aliyemtangulia. Karatasi na rangi zilikuwa ndani ya mizigo ya watu wengine, na mzigo haufunguliwi mpaka msafara utue. Mchoro wa papo kwa papo, basi, ni mchoro wa kambini. Unatokana na kisima, mto au kijiji kilichokuwa tayari kuuza nafaka.

Desemba ile Mgunda Mkali haukuwa na nafaka ya kutosha ya kuuza. Speke na Grant wote wawili wanasimulia mvua kubwa iliyofurisha mito, wapagazi waliotoroka na njaa iliyowafanya wategemee nyama ya porini huku wakingoja msaada kutoka Kaze. Msafara ulisimama, lakini kusimama huku hakufanani na kule kwa Karagwe, ambako Grant alibaki miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa mguu akiwa mgeni wa Rumanika, mwenye chakula na wasaa. Mtu anayehesabu mizigo iliyobaki bila wabebaji si mfalme wa anachokiona. Hapa ndipo nadharia ya Pratt inapopungukiwa. Inasoma uwezo wa jicho bila kusoma tumbo la mwenye jicho.

Burton, kwa haki yake, anaipa nadharia hiyo nguvu kidogo hata katika nchi hii. Alipoyafikia majabali aliyalinganisha na minara na ngome zilizobomoka, kana kwamba Singida ilikuwa na magofu ya Ulaya yaliyokosa tu wajenzi. Huo ni upambaji uleule alioueleza Pratt. Hata hivyo, tazama kinachotokea kwa jabali lenye jina, Jiwe la Mkoa. Wasafiri hawa walilifasiri kuwa jiwe la mviringo. (Msomaji wa leo wa Kiswahili, akilikuta jina hilo, huenda akafikiria kwanza ofisi ya mkuu wa mkoa.) Jiwe hilo lilikuwa alama ya njia na kituo cha kupumzikia kabla Mzungu yeyote hajaliona, na karibu nalo waliishi Wakimbu waliohamia na kufyeka mashamba. Msafiri alilifikia kwa sababu wapagazi walijua kwamba hapo hupatikana watu na chakula. Nafasi ya kutazama ilichaguliwa na waliobeba mizigo.

Safari ya michoro haikuishia kambini. Leila Koivunen, katika Visualizing Africa in Nineteenth-Century British Travel Accounts (2009), ameifuatilia njia ndefu kutoka karatasi ya msafiri hadi kitabu kilichochapishwa, na utafiti wake unasaidia zaidi hapa kuliko wa Pratt. Kitabu cha Speke kilitangaza kwamba vielelezo vyake vimetokana hasa na michoro ya Grant. Lakini msanii Johann Baptist Zwecker, aliyeandaa vielelezo vyake, hakuwa amefuatana na msafara huo. Mfano ulio wazi kupita yote ni Maporomoko ya Ripon, mahali Mto Nile ulipotokea Ziwa Victoria. Speke alifika hapo Julai 1862 bila Grant. Picha iliyo kilele cha kitabu ni ya mahali ambapo mchoraji wa msafara hakutia mguu. Mhakiki anayesoma vielelezo vya kitabu hicho kama macho ya Grant anasoma macho ya watu watatu au wanne kwa pamoja.

Vielelezo vilivyovuma ni vya kasri na mabaraza ya Karagwe na Buganda. Mgunda Mkali ulibaki katika maneno, nayo maneno yaliyotumika ni ya nyika isiyo na watu. Ni hapa ambapo Singida ina madai dhidi ya kumbukumbu hizi. Burton mwenyewe alijua kwamba mgunda ni shamba, na neno hilo lipo kwa maana hiyo katika Kinyamwezi. Jina la nchi linasema shamba, tena shamba kali. Kichwa cha sura ya Speke kinasema nyika. Kati ya hayo mawili wamepotea Wakimbu waliokuwa wakifyeka, ambao wote wawili wanawataja na kisha kuwasahau. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1870, Nyungu ya Mawe alijenga utawala wake katika nchi hiyohiyo, kama alivyoeleza Aylward Shorter katika tafiti zake kuhusu Wakimbu. Utawala haujengwi juu ya nyika tupu.

Ulinganisho na Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, unaongeza jambo. Selemani bin Mwenye Chande, msafiri wa pwani aliyekwenda bara hadi Tanganyika, hachori nchi, wala hana haja ya kupanda mahali aione yote. Anasimulia bei, hongo, maneno ya watawala na ugomvi wa njiani. Watu katika simulizi yake wana midomo. Isisemwe kwamba yeye hakuwa na maslahi yake, maana alikuwa mfanyabiashara. Lakini ukosefu wa chakula kwake ni habari ya mapatano yaliyovunjika na watu fulani, wala si tabia ya ardhi.

Grant naye anastahili kutendewa haki. Mimea aliyoikausha ilitoa The Botany of the Speke and Grant Expedition, iliyochapishwa na Linnean Society kati ya 1872 na 1875, pamoja na maelezo yake juu ya matumizi ya mimea kwa wenyeji. Kichaka kilichomzuia kuona mbali kilimlazimisha kuangalia karibu. Jani moja likishikwa mkononi halihitaji mlima, na pengine huko ndiko alikokuwa mchoraji mwaminifu zaidi.

Michoro yake ya rangi za maji imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Usomaji unaopendekezwa hapa ni wa kuipanga upya kwa kufuata siku za mwendo na siku za kambi zilizoandikwa katika Journal na katika A Walk Across Africa (1864) cha Grant mwenyewe, badala ya kuipanga kwa makabila au kwa mandhari. Katika mpangilio huo, kila siku kati ya Mdaburu na Kaze ipewe ukurasa wake, hata siku ambayo hakuna kilichochorwa. Ukurasa mtupu uachwe mtupu, na kando yake iandikwe idadi ya wapagazi waliotoroka na chakula kilicholiwa siku hiyo.