Mshazari wa Kitambaa: Kipimo cha FAST-3 na Kile Kisichokionyesha

Katika kitambaa cha kufumwa, nyuzi za mtande, yaani zile zinazotandazwa kwa urefu, hupishana na nyuzi za mshindio zinazopita kwa upana, na kupishana huko huzipa mawimbi madogo ambayo hunyooka kitambaa kinapovutwa, kabla uzi wenyewe haujaanza kurefuka. Kwa hiyo kukivuta kitambaa mpaka kikatike hudhihirisha uimara wake, lakini hakuelezi kwa nini suruali isiyochanika popote hutuna magotini.

CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la Australia, lilipounda mfumo wa FAST katika miaka ya 1980, hasa kwa ajili ya vitambaa vya sufu vya kushonea suti, liliamua kutumia nguvu ndogo, zinazokaribia zile ambazo kitambaa hukutana nazo mikononi mwa fundi. Kifaa chake cha tatu, FAST-3, hukivuta kipande kwa uzito wa gramu 5, kisha 20, kisha 100 kwa kila sentimita ya upana, na kusoma ongezeko la urefu kwa asilimia, kwanza kwa upande wa mtande, kisha wa mshindio.

Ubunifu mkubwa zaidi umo katika kipande cha tatu, kinachokatwa kwa mshazari, yaani kwa pembe ya digrii 45, na kuvutwa kwa gramu 5 tu. Hapa nyuzi hazirefuki, bali huzungukiana kwenye makutano yake, na viraba vidogo vilivyo baina yake huinama kwa umbo la almasi. Namba 123 ikigawanywa kwa asilimia ya mvutiko huo, hupatikana ukinzani wa kuinama, unaohesabiwa kwa nyutoni kwa mita: kitambaa kilichovutika kwa asilimia 4.1 hupata 30, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa, kwani chini yake kitambaa hupotoka kinapotandazwa na kukatwa, ilhali juu ya 80 huwa kigumu kufinyangwa begani na kwenye kichwa cha mkono.

Hata hivyo, kifaa hicho, pamoja na wepesi wake wa kusifika, hupima safari ya kwenda tu. Mfumo uliobuniwa na Sueo Kawabata wa Chuo Kikuu cha Kyoto katika miaka ya 1970, ambao ni ghali na mgumu zaidi kuuendesha, hukiinamisha kitambaa hadi digrii 8, hukirejesha, kisha hukiinamisha upande wa pili, huku ukichora mstari wa nguvu wakati wote. Mstari wa kurudi haulingani na wa kwenda, kwa sababu msuguano wa nyuzi kwenye makutano huzizuia kurejea zilipokuwa, na mwachano wa mistari hiyo miwili husomwa kwenye nusu digrii na kwenye digrii 5. Vitambaa viwili vyenye ukinzani uleule vinaweza kutofautiana sana katika mwachano huo, na kile chenye mwachano mkubwa ndicho kinachoelekea zaidi kubaki kimepinda baada ya kuvaliwa, jambo ambalo mpimaji mwenye FAST-3 peke yake hana namna ya kulibaini.