Mhunzi Anapojipiga Picha

Mpiga picha akiingia kibandani kwa mhunzi hutafuta cheche. Humvizia fundi mpaka ainue nyundo, apige, moto uruke, naye abonyeze. Picha hutoka nzuri. Lakini mhunzi mwenzake akiitazama haambulii kitu, kwa sababu uamuzi wa kazi ulikwisha kupita: ni pale fundi alipoyainamia makaa akipima kama chuma kitolewe au kiachwe kidogo.

Ndiyo maana nawasifu mafundi walioamua kuishika kamera wenyewe. Namfahamu mmoja wa jua kali, hapa Nairobi, anayefua mapanga kwa vipande vya springi za lori. Simu yake huiegemeza kwenye tofali, usawa wa fuawe. Uso wake hauonekani. Inaonekana mikono, koleo na chuma.

Rangi ndiyo iliyomsumbua kuliko yote. Mhunzi hana kipimajoto. Joto hulisoma kwa jicho. Chuma cha njano kinafulika. Kikianza kutoa vimulimuli vyeupe, kaboni inaungua na kipande kimeharibika. Panga likishafuliwa na kuwa tayari kuzimwa ili liwe gumu, hutakiwa wekundu uliopita kidogo damu ya mzee, yaani nyuzi kama 800 hivi za Selsiasi. Sasa simu ina kiherehere chake: ikikuta kibanda kina giza hujiongezea mwanga yenyewe, wekundu ukawa njano na njano ikawa nyeupe. Kijana akijifunza kwa video hiyo atachoma kila panga akidhani anafuata mwalimu. Fundi akajifunza kuufunga mwanga wa simu usijibadilishe, akaushusha mpaka ukuta ukatoweka gizani. Watazamaji wakalalamika kwamba hawaoni kitu, lakini chuma kilibaki na rangi yake. Kisha akaongeza hila moja ninayoipenda sana: mbele ya kamera huligusisha panga la moto kwenye sumaku. Chuma kikipita nyuzi 770 hivi hakishikwi tena na sumaku, na hapo simu haina la kudanganya.

Sisemi kamera ya mgeni haina faida. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Kihaya, mkoani Kagera, Tanzania, ambao kwa miongo mingi hawakuwa wameyeyusha chuma, maana majembe ya dukani yalikwisha kuiua kazi hiyo. Wazee wakajenga tena tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, na shimoni wakajaza matete ya kinamasi yaliyochomwa. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ya mivukuto ilipata moto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kuingia tanurini. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na ubishi ukaendelea. Filamu ya kazi hiyo ya wazee, The Tree of Iron, ikatoka mwaka 1988. Mimi huvutwa zaidi na yale matete. Ukimuuliza fundi jinsi chuma kinavyoyeyushwa atakutajia mawe, mkaa na mivukuto. Matete yanaweza kumtoka akilini, ila mikono yake haiyasahau.

Wazee wale walifanya kazi kwa kumbukumbu. Huyu wa springi za lori anarekodi kazi ikiwa bado inamlisha, kwa hiyo makosa nayo yanaingia, na hayafuti. Hataki pia muziki uwekwe juu ya video, kwani mlio wa nyundo humwambia anayesikiliza kwamba chuma kinapoa na kimeanza kukataa. Katika video ninayoona ni bora kuliko zote, oili chafu ya gari anayozimia mapanga ilikuwa imemwishia, naye kwa haraka akalitumbukiza panga kwenye ndoo ya maji baridi. Chuma cha springi hakipendi hivyo. Unasikia maji yakichemka, halafu mlio mdogo, mkavu, wa chuma kupasuka. Likafuata tusi, ambalo nalo hakulikata.