Mutamaiyu Mikononi mwa Fundi wa Mulot

Ukitoka Bomet kuelekea Narok, mashamba ya chai hukuacha mapema. Hewa inakuwa kavu, mahindi yanashika nafasi, ng'ombe wanaongezeka, na mpakani mwa kaunti hizo mbili unafika Mulot, soko ambalo Wakipsigis na Wamaasai hukutana kuuziana mifugo na nafaka. Miaka ya karibuni mji huu umetajwa sana kwenye habari kwa sababu ya walaghai wa simu. Naomba utajwe pia kwa sababu ya mzee mmoja anayechonga marungu na mipini nyuma ya safu ya maduka, chini ya paa la mabati lisilo na kuta.

Mti wake ni mmoja tu. Wakipsigis huuita emitiot, Wamaasai oloirien, na Wakikuyu mutamaiyu. Ni ndugu wa damu wa mzeituni unaokamuliwa mafuta katika nchi za Mediterania, ila matunda yake ni madogo, machungu, na huachiwa ndege. Uzuri wake uko ndani ya shina. Gome ni la kijivu na limekwaruzika, kisha inafuata tabaka jembamba la mti mweupe, halafu kiini cha rangi ya kahawia chenye mistari myeusi inayopinda bila mpango. Uzito wake unakaribia maradufu ya msaiprasi. Kipande kibichi ukikitupa mtoni Amala kitazama.

Kisiki kilicho mbele ya mzee leo kimetoka kwenye shamba la ngano upande wa Narok. Trekta ilikigonga, mwenye shamba akakichimbua, na badala ya kukipeleka kwenye tanuri la makaa akampigia mzee simu. Mzee hakigusi kwa shoka. Anakigeuza kwa mguu, anakimwagia maji, anasubiri udongo ushuke, ndipo anapiga magoti kukisoma.

Anachokitafuta ni mahali ambapo mzizi mnyoofu unaanzia. Rungu la kuaminika halitoki kwenye tawi. Kichwa chake hutoka pale shina linapokutana na mizizi, kwa kuwa hapo nyuzi za mti zimesokotana kwenda kila upande na hakuna njia ya ufa kupita. Mpini hutoka kwenye mzizi wenyewe, ambako nyuzi zimenyooka na huvumilia kupindwa. Hivyo kichwa na mpini ni kipande kimoja, na nyuzi zinapita shingoni bila kukatwa. Fundi asiyejali atachonga umbo lilelile kutoka kwenye gogo lolote, nalo litapendeza dukani. Litavunjika shingoni siku litakapohitajika.

Katika kisiki kizima mzee ameona marungu matatu. Anayachora kwa kipande cha makaa, kila moja kwa unene mara mbili ya litakavyokuwa, na mjukuu wake anashika upande wa pili wa msumeno. Wanakata polepole. Meno yanapata joto, wanasimama, wanayapaka mafuta, wanaendelea. Mti ungali mbichi, na huu ndio wakati wa kuondoa sehemu kubwa kwa shoka na tezo, maana mutamaiyu uliokauka hurudisha makali nyuma. Vibanzi vinaruka na harufu tamu kidogo inajaa kibandani. Hakuna kinachotupwa: vipande vidogo vitakwenda jikoni, na baadhi ya akina mama wa huku huchagua kijinga cha mti huu kwa kufukizia kibuyu cha maziwa.

Kisha kazi inasimama. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mzee huyu kikamilifu. Anazipaka ncha za mapande matatu samadi mbichi ya ng'ombe ili unyevu usitoroke kwa pupa, halafu anayapeleka nyumbani na kuyatundika juu ya mafiga, kwenye moshi. Yatakaa huko miezi. Mutamaiyu ukikaushwa haraka hupasuka, kwa kuwa nje hunywea wakati ndani kungali na maji, na ufa mmoja mwembamba shingoni unaharibu kila kitu.

Nikiwa hapo alikuja kijana wa bodaboda aliyetaka mpini wa shoka. Aliuona mmoja umeegemezwa ukutani kwa jirani.

"Mzee, si unipe huo? Naona umekauka."

"Bado, kijana wangu. Rudi baada ya mavuno."

Kijana aliubonyeza kwa kidole gumba, akacheka, akakubali. Mzee alikuwa amenyimwa pesa ya siku hiyo na mti wake mwenyewe, na hakuonyesha kujali.

Mapande yaliyokwisha kukauka yamo ndani ya gunia. Anachagua moja, anapiga makali ya tezo kwenye kinoo, na kuanzia hapo mikono yake inabadilika. Hapigi tena kwa nguvu za bega. Tezo inashuka kwa uzito wake wenyewe na kifundo cha mkono kinaielekeza, ikitoa kila mara kipande kisichozidi ukucha. Akifika kwenye shingo anaweka tezo chini na kuchukua tupa. Hapa nyuzi zinageuka kutoka kwenye unyoofu kuingia kwenye msokoto, na chuma kikishuka vibaya hung'oa badala ya kukata. Kwa hiyo upande wa kichwa anausugua kuelekea chini, upande wa mpini kuelekea juu, na mahali pande hizo mbili zinapokutana anapapita kwa mshazari. Jicho langu halikuona mpaka huo. Kidole chake kinaujua.

Baada ya tupa inakuja chupa iliyovunjwa. Anachagua kigae chenye ukingo uliopinda kidogo, anakivuta kuja kwake, na unyoya wa mti unatoka mwembamba kama ganda la kitunguu. Kioo kikifa makali anavunja kingine. Msasa hufuata mwishoni, na kwa muda mfupi, kwani kioo kimekwisha kufanya kazi yake.

Kabla ya mafuta kuna kipimo. Analilaza rungu juu ya kidole kimoja na kulisogeza mpaka litulie. Anataka litulie vidole vinne chini ya kichwa. Likiinamia mbele zaidi, anarudia kupunguza kichwa kwa kioo; likilala nyuma, anapunguza mpini. Mara nne alilipima lile nililoliona. Kisha akalipaka samli kwa kitambaa, akalisugua kwa viganja mpaka likapata joto, na mistari myeusi iliyokuwa imefifia chini ya vumbi ikajitokeza yote kwa pamoja.

Mutamaiyu una kazi nyingine nyingi. Posti zake hukaa ardhini miaka mingi na mchwa hawazipendi. Makaa yake huwaka muda mrefu kwa moto mkali, na hiyo ndiyo balaa yake, kwa kuwa gunia la makaa hupata mnunuzi siku hiyohiyo. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, hatua iliyougusa pia msitu wa Mau, chanzo cha Amala na Nyangores, mito inayoungana kuwa Mara. Lakini kwenye mashamba ya watu visiki vinazidi kung'olewa, na mzee mwenyewe anajua kwamba anafanya kazi kwa akiba aliyoiweka mtu mwingine. Mkaratusi hutoa nguzo ndani ya miaka kumi. Mutamaiyu uliopandwa siku hiyohiyo utakuwa bado mwembamba.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mashamba wa Bomet na Narok. Matunda yakishakuwa meusi, yaokoteni kabla ya ndege kuyamaliza. Ondoeni nyama, kausheni kokwa kivulini, pasueni ganda lake taratibu bila kuumiza mbegu iliyo ndani, maana lisipopasuliwa linaweza kuchelewesha uotaji kwa miezi. Pandeni kwenye kitalu, kisha mhamishie miche ukingoni mwa shamba, ambako haitazuia mahindi wala chai. Na mkikuta kisiki njiani mwa trekta, msikimbilie tanuri. Ulizeni kwanza sokoni Mulot.