Mchoro Unaojua Kukataa

Kuanzia Kwa Sadala, kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, hadi Masama na Machame huko juu, mashine za kusaga hufanya kazi moja lakini hazifanani. Huyu aliachana na injini ya dizeli akafunga mota. Yule alibadili shafti. Mwingine aliongeza mkanda wa tatu. Kila badiliko linadai puli yake, kwa kuwa kipenyo cha puli ndicho kinachoamua nyundo za kinu zizunguke kwa kasi gani. Mchoraji anayetumia kompyuta anaweza kuchora puli moja tu, akaiacha izae nyingine zote. Ufundi huo unastahili sifa, maana wengi huudhania kuwa ni kubofya tu.

Fikra yenyewe si changa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa MIT, Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyoambiwa mistari hii ibaki sambamba, ile ilingane, nayo ikatii. Mwaka 1988 programu ya Pro/ENGINEER iliipeleka fikra hiyo viwandani. Leo programu ya FreeCAD inautoa uwezo huo bure.

Lakini uwezo wa kubadili kila kitu ni mtego. Chukua puli ya mkanda wa saizi B, wenye upana wa milimita 17 kwa juu. Mchoraji mzembe huikuza puli nzima, na mfereji unaoupokea mkanda ukapanuka nayo. Mkanda unazama hadi chini, unakosa kubanwa mbavuni, unateleza, unaanza kunuka. Mchoraji hodari ameufunga mfereji usiguswe na kipenyo. Upana wa puli ameuwekea kanuni: idadi ya mifereji toa moja, zidisha kwa 19, jumlisha 25. Mifereji miwili inatoa milimita 44, mitatu, 63. Tundu la shafti nalo linaamua njia ya kii, kile kipande kinachoifunga puli kwenye shafti: shafti ya milimita 35 inataka kii cha upana wa 10, ya 40 inataka cha 12.

Utamu wenyewe uko kwenye pembe ya mfereji. Mkanda ukikunjwa kwenye puli ndogo, tumbo lake hubanwa likafutuka, na mbavu zake zikasimama zaidi. Ndiyo sababu viwango vya ISO vinataka nyuzi 34 pale kipenyo cha kazi kisipozidi milimita 190, na 38 kikizidi. Pembe hiyo haipandi kidogo kidogo, inaruka. Mchoro mzuri unalijua hilo: andika 180, unashika 34; andika 200, unahamia 38 wenyewe. Aliyeweka sharti hilo amemwondolea fundi mkerezaji hasara ya kipande kizima cha chuma.

Wachagga waliochimba mifongo, mifereji yao ya kumwagilia mashamba, wangeuelewa mpangilio huu. Vipimo navyo vina chanzo, na hutiririka upande mmoja. Kipimo kikitaka kulishwa na kile kinachokitegemea, programu inagoma, kwani maji hayapandi mlima. Kwa hiyo mchoraji makini huanza kwa kuuliza kipi kimzae kipi. Shafti ya mteja ipo tayari, hubishani nayo. Hiyo ni chanzo. Mkanda unauzwa dukani kwa saizi zake. Nao ni chanzo. Kinachobaki ndicho chako kupanga.

Basi ukitaka kumpima mchoraji, puli aliyokuonyesha haitakwambia mengi. Badilisha namba moja kwenye jedwali lake la vipimo, uone ni vipimo vipi vimesogea, na vipi vimekataa kusogea kwa sababu ya haki.