Cal Newport kwenye Matatu ya Homa Bay

Nilimaliza kusoma A World Without Email cha Cal Newport kwenye matatu ya kutoka Migori, tukiwa tumeshapita Rodi Kopany, na nilishuka Homa Bay nimekikasirikia kidogo.

Si kitabu kibaya. Newport ni profesa wa kompyuta pale Georgetown; kitabu kilitoka 2021, na sura zake za mwanzo zinaeleza vizuri kinachotuumiza. Kazi za ofisi zimegeuka soga isiyoisha, kila mtu anamrushia mwenzake ujumbe akipenda, akili haitulii. Anamtaja mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyewanyima wafanyakazi 13 imeli kwa siku 5 wakiwa wamevaa vipimo vya mapigo ya moyo. Msongo ukapungua. Hapo sibishi.

Shida yangu ni kisa anachofungulia. Ofisi moja ya serikali Washington inavamiwa na virusi vya kompyuta, mtandao unazimwa kwa wiki kadhaa, na mkuu wake anagundua kwamba ana muda wa kufikiri. Nilicheka hadi jirani yangu akageuka. Huku stima ikipotea hakuna anayefikiri. Unakimbilia saiba yenye jenereta. Washington walizimiwa wote, na kila mtu alijua. Huku giza ni lako peke yako. Nairobi wako hewani, na wanakuandikia "nakukumbusha tu kwa upole".

Kuna swali ambalo Newport analipita: nani anaruhusiwa kukaa kimya? Niliwahi kuandikia shirika moja la nje ripoti. Aliyenisimamia alikuwa New York, ambako saa kumi na moja jioni yetu ni asubuhi, kwa hivyo siku yake ilianza yangu ikiisha. Nilimjibu usiku, ndani ya dakika chache, nisije nikaonekana mvivu. Kisha nikatuma ankara. Kimya. Wiki ya kwanza nilijiambia wana shughuli. Wiki ya tatu nilikuwa nafungua simu kabla hata sijapiga mswaki. "Natumai uko salama" niliiandika mara nne, na kila mara nilikaa nikijiuliza kama kuongeza "tafadhali" kutanifanya nionekane ombaomba. Hakuna imeli iliyowahi kunipa presha kama ile ambayo haikuja. Lakini kitabu kizima kinahangaika na zinazoingia.

Dawa zake, kama kutenga saa za kujibu au kuweka kazi zote kwenye ubao mmoja, ni nzuri kwa mtu anayeweza kumwambia bosi asubiri. Wengine tunahitaji sheria. Ufaransa wana haki ya kutojibu kazi nje ya saa za kazi tangu 2017. Hapa kwetu Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa aina hiyo 2022, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Niliupenda, ila unamlinda aliyeajiriwa. Sisi wa vibarua vya mtandaoni hatumo.

Soma zile sura za mwanzo. Ukichoka katikati, ruka.

Pesa yangu iliingia baada ya wiki saba. Hakuna aliyeniandikia. Niliambiwa na meseji ya benki.