Sakafu ya Nyumba ya Dodoma

Agosti, upepo wa Dodoma ukishika kasi, sebule inafagiliwa saa moja asubuhi na kufika saa tatu inadai kufagiliwa tena. Lichukue vumbi unalolifagia kati ya vidole viwili ulisugue. Litakuachia rangi nyekundu, lakini pia utasikia chembe zinakwaruza. Ni mchanga, na chembe zake nyingi ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Nyumba yenye watoto wanne, wageni wa Jumapili na mlango ulio wazi mchana kutwa inausaga mchanga huo chini ya nyayo kama msasa, siku baada ya siku.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga wanachagua sakafu wakiogopa unyevu, na wana haki. Huku mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu inafunga. Kwa hiyo anayejenga Nzuguni, Iyumbu au Ilazo autazame mchanga kwanza, maji baadaye.

Dukani utaonyeshwa marumaru zinazong'aa kama kioo chini ya taa kali. Usikatae, ila omba kipande kilichovunjika. Kila duka linavyo nyuma. Kiweke chini, kinyunyizie mchanga kiasi cha kijiko, kanyaga kwa kiatu na uzungushe kisigino mara ishirini. Kifute, kisha kiinue mkabala na mwanga wa mlango, ukitazame kwa pembeni. Ukiona mistari myembamba kama utando wa buibui, hiyo ndiyo hali ya sebule yako baada ya miaka miwili. Marumaru isiyong'aa sana, yenye madoadoa au mawimbi ya rangi ya udongo, krimu au kijivu, inachakaa polepole na inaficha vumbi mpaka utakapofagia tena. Nyeupe tupu na nyeusi tupu ziache kwa nyumba isiyo na watoto.

Sasa igeuze. Wengi hununua uso wa marumaru bila hata kuutazama mgongo wake. Dondoshea mgongoni matone ya maji. Seramiki ya kawaida, ambayo mara nyingi ina mwili mwekundu, itayanywa ukiwa unatazama. Poseleni itayaacha yakae juu, kwa sababu kwa kipimo cha kimataifa hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Poseleni ni nzito na ngumu zaidi, na ile yenye rangi moja mpaka ndani ikimeguka haionyeshi kidonda. Kwa seramiki, soma boksi utafute alama ya PEI inayopima uvumilivu wa uso dhidi ya kusuguliwa: III inatosha chumbani, lakini sebuleni na kwenye korido dai IV. Halafu chukua mbili uzikutanishe uso kwa uso. Zikicheza, zimepinda, na hakuna fundi atakayezinyoosha. Ninazipima vivyo hivyo marumaru za viwanda vya Mkuranga na Chalinze, na zilizokuja kwa meli.

Lakini huko kutokunywa maji kuna gharama yake, na mimi niliilipa. Sebule yetu iliwekwa poseleni nzuri kweli. Fundi akaibandika kwa uji wa saruji tupu, madonge matano kila moja, manne kwenye pembe na moja katikati. Mwaka wa pili mtoto akaangusha mchi karibu na mlango wa jikoni, marumaru ikapasuka vipande vitatu. Nilipoviinua vilitoka kwa mkono, na mgongo wake ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Saruji haikuwa na mahali pa kushika. Nikachukua sarafu ya shilingi 200, nikapiga magoti na kugonga moja baada ya nyingine. Iliyoshikwa vizuri inatoa mlio mfupi, mzito. Isiyoshikwa inalia kama debe. Nilihesabu kumi na saba.

Poseleni inataka gundi yake, ile ya mfuko, ipakwe kwa mwiko wa meno sakafu nzima. Kaa karibu na fundi siku ya kwanza. Akishabandika ya tatu, mwombe aing'oe kabla haijakauka. Mgongo uwe umejaa gundi kila pembe. Fundi anayejua kazi hatakasirika; wa kwangu wa pili aliing'oa kabla sijamwomba. Kati ya marumaru na marumaru paachwe milimita 2 au 3, na ukutani nafasi ya kama milimita 8 itakayofichwa na ukanda wa chini. Usiku wa Julai hapa ni baridi ya blanketi, mchana jua linaingia mpaka katikati ya chumba. Marumaru hutanuka na kusinyaa. Zikibanwa bila nafasi hufumuka siku moja kwa kishindo, zimesimama mbili mbili kama paa la banda.

Kwa asiye na fedha ya marumaru, au anayeijenga nyumba kidogo kidogo, sakafu ya saruji iliyopigwa niru ninaipenda kwa moyo wote, na inaniuma kuona inavyoharibiwa. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kunywa maji, na upepo wetu unayanyang'anya maji hayo kabla kazi haijaisha. Fundi mwenye haraka humwaga saruji kavu juu ili apate uso laini jioni ile ile. Unapendeza wiki mbili, kisha unaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua. Niru ipigwe mbichi juu ya mbichi, ikishashika ifunikwe magunia, na magunia yaloweshwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Najua bei ya dumu la maji mwezi wa Oktoba. Nunua hayo madumu, au tandika nailoni nzito uikandamize pembeni kwa mawe isipitishe upepo.

Ukienda kukagua nyumba ya kununua au ya kupanga, omba kona ya sakafu idekiwe, iachwe ikauke, kisha pitisha kiganja. Kiganja kikitoka cha kijivu, sakafu inatoa unga, na itaendelea kuutoa. Kwaruza kwa msumari: mstari mweupe wa juu juu hauna neno, mfereji una neno.

Terazo ikisagwa na fundi mzoefu ni sakafu ya wajukuu, maana mchanga unakula kokoto za mawe ya marumaru na saruji pamoja, na ikichoka unaisaga upya. Sakafu ya mbao ni nzuri, ila kiangazi huifungua mianya na mchwa hawahitaji mwaliko. Zulia la plastiki ni la kusogeza siku. Mchanga ukiingia chini yake unalitoboa kutoka tumboni.

Na hayo yote yanakaa juu ya jamvi la zege. Kama kiwanja kina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, uondolewe na kujazwa moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka, ama sivyo ufa utapita katikati ya marumaru ya bei yoyote.

Mlangoni weka mazulia mawili ya kufutia miguu, la nje liwe gumu la makumbi, na desturi ya kuvua viatu isilegezwe kwa mgeni. Ukinunua marumaru, hakikisha namba ya rangi iliyopigwa muhuri kwenye kila boksi ni moja, kisha ongeza boksi moja la akiba. Mwaka kesho rangi ile ile haitakuwepo dukani. Letu liko chini ya kitanda cha watoto, limebaki na marumaru tatu.